Inapakia, na Boti Imekwisha Ondoka

Ziko dhuluma ambazo hazina mtu wa kupelekwa mahakamani. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepiga, hakuna aliyetukana. Lakini mama mzee amekaa juu ya gogo la mkoko tangu maji yalipojaa mpaka yakapwa, ameshika kifurushi cha nguo mapajani, akingoja boti iliyokwisha ondoka. Na kilichomkalisha pale ni neno moja lililoandikwa kwenye kioo cha simu. Wapo waliolicheka jambo hili. Warda Mshamu, ambaye habari zake ndizo hizi, hakulicheka hata siku alipolisikia kwa mara ya kwanza, ingawa banda zima lilikuwa linaangua kicheko.

Warda ni mtu wa Mtawanya, jirani na Kibiti. Baba yake alikuwa mkulima wa korosho na mihogo, mama yake akikaanga vitumbua asubuhi, na kwa kazi hizo mbili walimsomesha hadi kidato cha nne, kisha stashahada ya kompyuta Dar es Salaam. Alipomaliza, akarudi. Hapo ndipo watu walipoanza kumhurumia bila kuombwa. Kwetu msichana aliyesoma akirudi nyumbani huonekana kama mzigo uliokosa mpokeaji.

"Umerudi, mwanangu? Kazi umekosa?" walimwuliza.

"Kazi nimekuja nayo," alijibu, akafungua duka la steshenari karibu na stendi ya Kibiti.

Mbele ya duka alitoa fotokopi, akapiga picha za pasipoti na kuwajazia vijana maombi ya vyuo. Nyuma ya pazia palikuwa na meza yenye kompyuta yake ya mpakato, na hapo alitengeneza kurasa za tovuti: za nyumba ya wageni, za chama cha wakulima wa korosho, hata za madrasa moja iliyotaka kutangaza nafasi. Hakuwa na majivuno na kazi hiyo, wala hakuwa na unyonge. Alikuwa na ulimi. Mteja akimwambia "fanya tu ipendeze", alimwuliza papo hapo, "Impendeze nani?"

Swali hilo ndilo lililokuja kumponza.

Asiyefika delta, kule mto unakogawanyika mikondo kabla ya kuingia baharini, hana budi kuelezwa jambo moja. Boti za abiria za kule hazifuati saa ya ukutani, zinafuata maji. Mkondo uliopitika leo asubuhi, wiki ijayo saa hiyo hiyo utakuwa tope tupu lenye kaa wanaotembea. Boti hulala kijiji cha juu, ikapakia huko mpunga, mkaa, kaa na watu. Maji yakifika kimo chake ikashuka nayo, ikigusa kila diko, yaani kila kituo cha boti, njiani kuchukua abiria, mpaka Nyamisati. Kutoka Nyamisati watu hupanda bodaboda hadi Bungu kwenye lami, na Kibiti si mbali tena. Ukiikosa boti, umeikosa mpaka maji mengine. Ratiba ya karatasi haisaidii kitu, kwa sababu nahodha mwenyewe hajui ataondoka saa ngapi mpaka aone maji na aone mizigo.

Kwa hiyo Umoja wa Wenye Boti ulipoamua kuwa na ukurasa wa kutangaza boti iko wapi, uliamua jambo jema. Nalisema hili mapema ili nisije nikaambiwa napinga maendeleo. Karani wa boti, kijana mmoja mtulivu aitwaye Swalehe, angebonyeza neno kwenye simu yake, na mtu aliye nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka dikoni, angelisoma: Imefunga, yaani imetia gati. Inapakia. Imeondoka. Haiji leo. Manne tu. Ni maneno ya watu wa boti wenyewe, na hakuna mtoto wa delta asiyeyajua.

Ubaya uliingia kwenye kuchagua chombo cha kuyafikisha.

Mwenyekiti wa Umoja, Mzee Abdulswamadu, alimleta fundi kutoka Dar es Salaam aitwaye Mudy, na Warda akapewa kazi ya kuutunza ukurasa baada ya fundi kuondoka. Mudy hakuwa mjinga. Alikuwa hodari, mcheshi na mwepesi wa mikono. Alichagua mfumo mkubwa ambao makampuni ya mjini huutumia: simu hupelekewa kwanza ukurasa mtupu, kisha furushi zito la programu, na programu hiyo ndiyo huujenga ukurasa ndani ya simu ya msomaji na kuubadilisha bila kuuita upya wote. Kwa mtu anayeshinda siku nzima mbele ya kompyuta ofisini, akivuta hiki na kusogeza kile, chombo hicho kina haki yake. Lakini hapa tulikuwa na maneno manne.

Warda aliliona hilo. Akakubali hata hivyo, kwa sababu kila tangazo la kazi alilosoma lilitaja mfumo ule, na alitaka kuujua. Mudy akaupamba: maji ya buluu yanayotembea, na kijiboti kilichochorwa kinayumba katikati. Programu ikiwa bado njiani, chini ya kijiboti kile palitokea neno moja la kumwomba msomaji asubiri. Mudy aliandika neno ambalo limo katika simu zote za Kiswahili, wala hakuna aliyelifikiria mara mbili.

Aliandika: Inapakia.

Uzinduzi ulifanyika Kibiti, mahali penye mnara wa simu unaoonekana dirishani. Ukurasa ulifunguka kabla mtu hajakohoa. Kijiboti kikayumba, wageni wakapiga makofi, Mzee Abdulswamadu akapiga picha na kila aliyekuwa amevaa tai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ukurasa ule unafunguka vipi dikoni, ambako mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula. Hawakuuliza kwa sababu waliojengewa hawakuwamo ukumbini. Hii ndiyo desturi yetu, nami nailaani: chombo cha mtu wa mtoni hujaribiwa mjini na hupigiwa makofi mjini, kikishindwa mtoni anaambiwa mtu wa mtoni kwamba hajui kutumia simu.

Kuna mwanamke aitwaye Sikudhani, wa moja ya visiwa vya kata ya Msala. Analima mpunga, akinenepesha kaa kwenye vizimba, na anamtunza mama yake, Bi Mwanaharusi, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walipotangaza kambi Kibiti, Sikudhani alijiandaa kama anayejiandaa kwa harusi. Hakuweza kumtembeza mama asiyeona kwenye njia ya tope na kumweka juani bila kujua boti iko wapi. Alitegemea ukurasa.

Kilichotokea alikisimulia mwenyewe kwenye mkutano ambao Umoja uliuitisha Nyamisati, chini ya banda la ofisi yao, ili kupokea pongezi za abiria. Nasema pongezi kwa sababu ndizo walizozitarajia.

"Mwenyekiti, naomba kusema," akasimama Sikudhani.

"Sema, mama. Lakini kwa ufupi, watu wana njaa."

"Boti yenu ilinidanganya."

"Boti haina mdomo, mama."

"Basi simu yenu. Niliangalia asubuhi, ikaniambia inapakia. Nikamwambia mama, nafasi tunayo, kunywa uji wako. Tukashuka dikoni. Naangalia, inapakia. Jua linapanda, inapakia. Maji yanarudi, nyie, inapakia! Nikajiuliza, leo wanapakia nini kule juu, wanahamisha kijiji?"

Banda likacheka. Mudy, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya siku hiyo, akasimama na tabasamu.

"Pole sana, mama yangu. Boti haikuwa inapakia. Ilikwishapita. Ule ulikuwa ni ukurasa ndio unapakia."

"Ukurasa unapakia? Unapakia nini, mkaa?"

"Unapakia data, mama."

"Na hiyo data ikishapakiwa inakwenda wapi?"

"Inakuja kwako, kwenye simu."

"Inakuja kwangu?" Sikudhani akageuka kuwatazama wenzake. "Basi hiyo inapakuliwa, baba. Kinachoondoka hupakiwa. Kinachonifikia mimi hupakuliwa. Au Dar es Salaam mnakula wali kwa kuupakia sahani?"

Sasa walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega, na Mudy mwenyewe alicheka, akainua mikono kama mtu aliyefungwa bao. Mzee Abdulswamadu akagonga meza akisema jambo limekwisha, neno litarekebishwa, twendeni tukale. Wali ulikuwa unanukia. Mkutano ungeishia hapo na kila mtu angekwenda nyumbani na hadithi ya kuchekesha.

"Mama yako alikwenda siku gani nyingine?" Warda akauliza kutoka nyuma.

Sikudhani akamtafuta kwa macho. "Hakwenda. Madaktari walikuwa wanaondoka siku ileile. Wametuambia watarudi baada ya mavuno."

Kicheko kikafa, lakini si kwa muda mrefu. Wali ulipakuliwa.

Warda hakula. Alipanda boti na Sikudhani siku hiyohiyo, akalala kwake, na asubuhi akashuka naye dikoni akiwa na simu ileile ya Sikudhani, ya bei ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Akafungua ukurasa alioutunza kwa mikono yake. Kijiboti kikatokea. Inapakia. Akasogea kwenye mwinuko penye mti wa mwisho. Inapakia. Boti yenyewe ilikuja, ikachukua watu, ikaondoka na kupotea nyuma ya mikoko, na kioo mkononi mwake kikaendelea kusema inapakia, kijiboti kikiyumba kwa raha zake.

Bi Mwanaharusi alikuwa amekaa barazani waliporudi. Akampapasa Warda mkono mpaka kiwiko.

"Wewe ndiye mwenye ile simu iliyonikalisha juani?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mkono hauna nyama. Hawakulishi huko Kibiti? Sikudhani, mpe kaa mmoja, tena jike, huyu asije akafia kwetu."

Warda alirudi Kibiti akiwa na hasira iliyompa akili. Nimewaona wengi ambao hasira huwapa maneno tu. Yeye alifunga duka mapema, akakaa nyuma ya pazia, na akaanza upya kulijibu swali ambalo alipaswa kulijibu mwanzo: habari moja ndogo inayobadilika ifikishwe vipi kwenye simu dhaifu iliyo mahali penye mtandao dhaifu?

Njia ya kwanza ni ya zamani. Ukitaka habari mpya, ukurasa mzima unaitwa tena kutoka kwenye seva, ile kompyuta inayouhifadhi: kichwa, rangi, picha na kila kitu. Ni kama kuomba chumvi ukaletewa jiko zima. Bando linakwisha, na aliyekuwa anasoma chini hurushwa juu tena.

Njia ya pili ni ile ya Mudy. Badala ya kiti, mtu anapelekewa seremala, mbao na msumeno, na akae chini mpaka kiti kikamilike. Seremala akikwama njiani, msomaji hana kiti wala mbao.

Aliiwaza pia njia ya kuacha mfereji wazi kati ya simu na seva, ili neno likibadilika lishuke lenyewe papo hapo. Akaijaribu. Inavutia mno. Lakini mtandao wa mikokoni hukatika kila mara, na kila ukikatika mfereji lazima ufunguliwe upya, simu inahangaika na betri inakwisha. Kule si kila nyumba ina pa kuchajia.

Akachagua njia ya nne, ambayo haina fahari yoyote. Seva inatuma ukurasa uliokwisha andikwa, mwepesi, unaosomeka hata kama hakuna programu hata moja iliyofika. Kisha inafuata programu ndogo sana, nayo kazi yake ni moja: kila baada ya muda mfupi inauliza seva kuna neno jipya, na likiwapo, inabandua kile kipande chenye neno la zamani na kubandika kipya mahali pake. Ukurasa mwingine wote haiugusi. Programu ikikosa kufika, kuna kiungo cha kawaida cha kubonyeza, na mambo yanakwenda. Na chini ya kila neno aliweka saa ambayo Swalehe aliliandika. Mtandao ukikatika, neno la mwisho linabaki pale pale, na chini yake panaandikwa: Mtandao umekatika, habari hii ni ya saa fulani. Neno halikuachwa tena liseme bila kutaja umri wake.

Alimpigia Mudy simu kumweleza, kwa heshima, kwamba anaubadilisha.

"Sista, si ubadili neno tu?" Mudy akasema. "Weka 'tafadhali subiri', kazi imekwisha."

"Nikiweka 'tafadhali subiri', watasubiri. Tatizo ni kwamba hawajui boti iko wapi. Nikibadili neno nikaacha uzito, nitakuwa nimewadanganya kwa adabu."

"Hiyo unayotaka kutumia ni ya kizamani, nakuambia kama kaka yako. Kesho unaomba kazi Dar, wanakuuliza umetumia nini. Utasema nini?"

"Nitasema nimetumia kilichofika."

Mudy akacheka, akamtakia heri, na nadhani alimtakia kwa moyo safi. Watu wa namna yake si adui. Adui ni tabia ya kumlipa fundi kwa kinachoonekana siku ya uzinduzi.

Mzee Abdulswamadu ndiye aliyekuwa mgumu. Warda alimpelekea ukurasa mpya ofisini: maandishi meusi, makubwa, juu ya weupe, na jina la kila diko.

"Hii ni nini, Warda?"

"Ni ukurasa, Mzee."

"Unafanana na tangazo la msiba."

"Tangazo la msiba watu wote hulielewa, Mzee, na hakuna anayechelewa maziko."

"Na boti yangu inayoyumba iko wapi?"

"Iko mtoni, inayumba."

Mzee akashindwa kujua kama ametukanwa. Hatimaye, kwa kuwa malalamiko ya abiria yalikuwa yamezidi, akaruhusu uwekwe, kwa sharti moja: wafadhili wakija kukagua mradi, ule wa zamani urudi. Warda hakulijibu sharti hilo. Aliuweka ukurasa hewani, na kwa miezi ya mavuno watu wa delta walishuka madikoni mwao kwa wakati. Hakuna aliyeandika barua ya shukrani. Kitu kinapofanya kazi yake sawasawa watu hukisahau, na hiyo ndiyo sifa yake.

Madaktari wa macho wakatangaza kurudi Kibiti. Na wafadhili, kwa bahati ambayo siwezi kuiita njema, wakatangaza kuja wiki ileile.

Asubuhi ya siku ambayo Bi Mwanaharusi alitakiwa kusafiri, mashine ya boti ilikataa kuwaka kule kijiji cha juu. Nahodha akaivuta, akaifungua, akaitukana. Mafuta yalikuwa yameingia maji. Swalehe hakungoja kuulizwa. Akabonyeza neno, na kwenye simu zote likaandikwa: Haiji leo. Mashine mbovu. Chini yake saa.

Wakati huohuo, wageni walikuwa wanakunywa chai Kibiti, na ukutani, kwa taa ya projekta, ulikuwa umefunguliwa ukurasa wa Umoja.

Simu ya Warda ikalia.

"Futa hilo neno," Mzee Abdulswamadu akasema kwa sauti ya mtu aliyejificha chooni.

"Neno gani, Mzee?"

"Usinifanyie mzaha. Haiji leo! Wageni wanasoma. Mradi wa boti, na boti haiji! Andika itachelewa."

"Itachelewa mpaka lini?"

"Hiyo ni juu ya Mungu. Au rudisha ule wa zamani, asubuhi hii tu. Wakiondoka weka unachotaka."

Warda alikuwa amesimama mbele ya mashine ya fotokopi, mteja akingoja vyeti vyake. Anasema alimwona Bi Mwanaharusi kama aliye mbele yake, juu ya lile gogo, kifurushi mapajani.

"Mzee," akasema, "nikiandika itachelewa, kuna watu wataingoja. Wengine wanakwenda kwa madaktari wa macho, na mmoja wao nilimkalisha juani mara ya kwanza. Sitamkalisha mara ya pili ili wageni wamalize chai."

"Nani aliyekuajiri, wewe?"

"Nyinyi."

"Basi mimi ndiye ninayekuamuru!"

"Unaweza kunifukuza, Mzee. Lakini boti haiji, na neno litabaki haiji."

Akakata simu na kumpa mteja vyeti vyake. Alikuwa amevipanga kinyume.

Kule kisiwani Sikudhani alikuwa ameishika simu tangu alipomaliza kuswali. Neno lilipobadilika, uji wa mama yake ulikuwa bado jikoni. Haiji leo, na saa ilikuwa ya dakika chache tu zilizopita. Hakulia wala hakulalamika. Alitupa macho kwenye mkondo: maji yalikuwa bado yanapitika. Akakimbia hadi kwa jirani yake Kheri, aliyekuwa anapanga matenga ya kaa kwenye mtumbwi wake wa mashine kuwapeleka Nyamisati.

"Kheri, nichukulie mama!"

"Dada, nimejaa kaa mpaka kwenye usukani. Ngoja boti."

"Boti haiji."

"Nani kasema?"

"Soma mwenyewe. Na saa hiyo hapo."

Kheri akasoma. Akashusha matenga mawili, akiguna, akamwita mdogo wake ayarudishe vizimbani. Bi Mwanaharusi akapandishwa akakaa katikati ya kaa, akaanza kunung'unika kwamba wakimng'ata atawala wote wabichi. Waliondoka maji yakiwa yameanza kugeuka. Wangengoja kidogo tu zaidi, mkondo ungefunga. Hilo Kheri ananiambia kwa kiapo, na yeye si mtu wa kuapa ovyo.

Nyamisati, bodaboda, Bungu, gari, Kibiti. Warda aliwakuta kwenye foleni ya wagonjwa, Bi Mwanaharusi akinuka tope la mikoko na kugombana na aliyemsukuma. Alifanyiwa upasuaji siku ileile. Jioni hiyo Warda akapokea ujumbe kutoka kwa katibu wa Umoja: kuanzia kesho kazi ya ukurasa haiko mikononi mwake, na ukurasa wa kijiboti umerudishwa.

Nilimwuliza katibu huyo baadaye kama anajua kwamba watu wa madikoni hawawezi kuufungua. Akanijibu kwamba mtandao utaimarishwa. Ndivyo wanavyojibu siku zote: chombo ni kizuri, ila nchi ndiyo haijafika.

Asubuhi iliyofuata bandeji ilifunguliwa mbele ya Sikudhani na Warda. Bi Mwanaharusi alipepesa jicho la kulia, likatoa machozi, akapepesa tena. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu bila haya.

"Sikudhani. Umenenepa."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwembamba ndiye wa simu?"

"Ndiye, mama."

"Nilimjua kwa mkono." Kisha akainua vidole kugusa bandeji ya upande wa kushoto, ambayo muuguzi hakuwa ameifungua. "Na hili?"

Daktari, mwanamke mtaratibu asiyependa maneno mengi, akawaeleza. Jicho la kushoto walilipima wakalisafisha, lakini halitaona. Mtoto wa jicho alikuwa ameiva kupita kiasi, presha ikapanda ndani ya jicho, na mshipa wa kuonea umekufa.

"Umekufa lini?" Warda akauliza.

"Siwezi kutaja siku. Ni jambo la miezi ya karibuni."

"Angekuja kambi ile ya kwanza?"

Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakujua aliyeuliza ni nani wala kwa nini anauliza akiwa ameshikilia ukingo wa kitanda.

"Angekuja kambi ya kwanza," akasema, "pengine tungeyaokoa yote mawili."

Bi Mwanaharusi akasema moja linamtosha, mengi ya kuona hayapo. Sikudhani akageukia dirisha. Warda akatoka, akakaa kwenye benchi la nje miongoni mwa wagonjwa wengine waliofungwa macho, akampigia Swalehe. Akamwuliza kama mashine imepona. Swalehe akasema imepona, wanapakia sasa hivi, maji yakifika wanashuka.

"Niandikie mimi pia," Warda akamwambia. "Kila unachowaandikia wao, niandikie mimi. Nitauweka ule ukurasa mwepesi hewani kwa jina la duka langu."

"Mwenyekiti akijua, dada?"

"Mwambie ni mimi niliyekuomba."

Nyuma ya Swalehe zilisikika sauti za watu wakipokezana magunia. Kisha akamwuliza aliandike neno gani kwanza, na Warda, akiwa bado kwenye benchi, akatoa kompyuta yake mkobani, akaifungua magotini na kuanza kuandika majina ya madiko, moja moja, kuanzia kijiji cha juu.